Naomba ushauri: wazee wanadhani nimekuja kuwaandikisha

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu haki katika misaada ya fedha kwa wazee wa vijijini Unguja. Huku mifumo miwili inakutana: Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi bila kuangalia kipato (ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi), na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania), inayochagua kaya maskini.

Kinachonikwamisha ni hiki: nikiuliza kama mgao ni wa haki, wengi hunieleza shida zao wakitumaini nitawaingiza kwenye orodha. Nimewasomea fomu ya ridhaa kwa sauti, nimemwomba sheha (kiongozi wa serikali wa eneo) asikae nasi, bado. Inaniuma sana kumwacha bibi wa watu na tumaini lisilokuwepo.

Niulizeje kuhusu haki bila kuamsha matarajio? Na kwa kuwa pensheni humlipa mtu, TASAF hulipa kaya, nilinganisheje mzee anapolea wajukuu kwa fedha hiyo hiyo? Mliowahi kufanya utafiti vijijini, naomba mnisaidie.