Mama anatoka nje usiku, mlango niufungeje?

MtotoWaMwisho: Wakuu, naombeni ushauri. Mama ana miaka 78, daktari alisema ni Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo wa kupoteza kumbukumbu. Giza likiingia anahangaika, anataka "kwenda kwao". Juzi saa nane usiku nimemkuta barabarani, pekupeku. Komeo la ndani analifungua. Kuna kufuli gani asiloliweza?

Kijukuu: Pole sana. Bibi yangu alikuwa anafunga nguo kwenye shuka, anasema anasubiri gari. Tukibishana naye analia. Babu akawa anamshika mkono, wanazunguka nyumba, wakirudi mlangoni anasema "tumefika". Nimemkumbuka sana leo.

MzeeWaHekima: Mama hafungiwi kama mbuzi. Alikubeba miezi tisa. Zidisha dua.

NesiMstaafu: Dua sawa. Mwanangu, nijibu manne: mchana anabaki na nani? Jiko ni la gesi? Dawa anapewa na nani? Kutoka huku kumeanza taratibu au ghafla?

MtotoWaMwisho: Mchana yuko salama. Dawa nampa mimi.

NesiMstaafu: Salama na nani?

MtotoWaMwisho: Peke yake. Dada aliyekuwa anatusaidia aliondoka wiki tatu zilizopita. Natoka alfajiri, nafunga kwa nje, narudi jioni. Gesi nazima kwenye mtungi. Nampa na kile kidonge cha mafua kinacholeta usingizi, atulie. Msinihukumu, nisipokwenda kazini hatuli. Tumezaliwa watano, hakuna mwingine anayekuja.

TungoTata: Hii chai. Unaulizia kufuli, kumbe unalo wiki tatu! Na kama unamfungia, barabarani alifikaje?

Kijukuu: Hata mimi nimeanza kuwa na wasiwasi.

MtotoWaMwisho: Kufuli la nje ni la mchana. Usiku nalala naye chumba kimoja, juzi usingizi ulinizidi. Natamani ingekuwa chai.

NesiMstaafu: Iwe chai isiwe chai, wapo wanaosoma wakiwa na mzazi ndani. Moto ukiwaka, aliyefungiwa hana pa kutokea. Kidonge hicho kwa mzee kinazidisha kuchanganyikiwa, kinamyumbisha hadi anaanguka, na kinaweza kuzuia mkojo. Alzheimer huongezeka kwa miezi na miaka. Akibadilika ndani ya siku chache, tafuta kingine: maambukizi ya mkojo, kukosa maji, choo kigumu, dawa. Swali la nne hujajibu.

MtotoWaMwisho: Ghafla. Zamani alisahau majina tu, usiku alilala. Imeanza siku chache baada ya kidonge. Sasa chooni anakaa muda mrefu, anashika tumbo. Nilidhani ndiyo ugonjwa unakua.

NesiMstaafu: Usimpe tena hicho kidonge. Kukikucha mpeleke hospitali, nenda na pakiti yake, wataje siku ulipoanza, waangalie kibofu na wapime mkojo. Tumbo likivimba au mkojo ukigoma kabisa, usingoje asubuhi.

MtotoWaMwisho: Mkojo unatoka, kidogo kidogo. Jirani amekubali kukaa naye nikirudi kazini keshokutwa. Kufuli la nje nimelitoa. Nimeburuta godoro langu hadi mlangoni.