Tupeane uzoefu: Ziwa Kenyatta lilipokauka, uliishi vipi?

Mwanzisha mada
Habari zenu wadau. Watu wa Lamu, hasa Mpeketoni, Hongwe na Mkunumbi, mada hii ni yenu. Watoto walio darasa la kwanza leo hawajui kwamba mwishoni mwa 2016 Ziwa Kenyatta lilikuwa linaisha, na mapema 2017 likawa uwanja wa matope yaliyopasuka, mizoga ya viboko imelala juu yake. Februari ile ukame ukatangazwa janga la kitaifa. Masika ya 2018 yakaturudishia maji, na tangu hapo nasikia watu wakisema ulikuwa ukame tu, huku majembe yanazidi kusogea ukingoni. Tuandike tunayoyakumbuka wazee wangali nasi. Na zaidi ya yote: zamani maji yalifika wapi? Bila kujua hilo hatuna la kumwambia anayelima ndani ya ziwa.

Mvuvi wa zamani
Wazazi wangu walipata shamba skimu ya makazi ilipofunguliwa miaka ya 70. Tulitoka bara, kuvua hatujui. Wenyeji tuliowakuta ndio waliotufunza kutega nyavu za ngege na kutupa mshipi wa kambare, na ziwa hilo likanisomeshea watoto.

Lilianza kutuaga polepole. Kwanza nyavu zikawa zinatoka na tope. Kisha mtumbwi ukawa unagusa chini, tunashuka kuusukuma, tope mpaka mapajani. Zamani viboko walikuwa na upande wao na sisi tuna wetu. Maji yalipopungua tukabanana nao kwenye dimbwi moja, na kiboko mwenye njaa hana subira. Mwisho kabisa watu walikuwa wanazoa samaki kwa karai, wengi wao wadogo wa kidole. Niliwaona wanaume wazima wakilia. Kila mmoja alijua anakula mbegu.

Mama karanga
Asante mwanangu kwa kufungua mada hii. Mimi nilikuwa nachukua ngege asubuhi, nakaanga, jioni nikishauza namlipa mvuvi wangu. Hatukuandikiana kitu miaka yote hiyo. Ziwa lilipoisha yeye hana samaki, mimi nina mkopo wa chama, tukawa tunakwepana njiani kwa aibu. Nikaanza kufuata samaki wa bahari Mkunumbi. Nauli ya bodaboda ikala faida yote, na wateja wangu ni watu wa asili ya bara, tafi na changu hawakuwazoea, kila siku wananiuliza ngege yuko wapi. Nikaingia viazi karai mpaka leo. Nashukuru Mungu nilipata pa kushika, lakini kuna wenzangu walirudi makwao na hawakuonekana tena.

Kijana wa Mpeketoni
Nilikuwa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni maji. Visima vya karibu na ziwa viliingia chumvi, mama akitia maziwa kwenye chai yanakatika. Tulikuwa tunaamka usiku kupanga mitungi.

Mchimba kamongo
Mbona hakuna aliyemtaja kamongo, samaki anayejifukia kwenye tope? Ziwa limekauka kabisa, sisi bado tunavua, tena kwa jembe! Unatembea juu ya tope kavu ukitafuta tundu dogo, upana wa kidole, ndilo analovutia hewa. Unachimba taratibu usimkate. Ukimfikia unakuta kifuko chembamba cha kahawia, kikavu, na samaki amejikunja ndani, mkia umefunika uso. Ukimtia kwenye ndoo ya maji anakaa kimya kidogo, halafu anaanza kujinyoosha. Anaweza kukaa hivyo miezi mingi akisubiri mvua. Kuna mzee alitukataza tusiwamalize, tukamwona anatunyima chakula. Maji yaliporudi nilimfuata nikamwambia ahsante.

Mkulima
Nami niseme la upande wetu. Nililima ndani ya ziwa, sikatai. Shamba la juu halikutoa kitu, na tope lile lilikuwa na unyevu. Nilipanda kunde, watoto wakala. Mifugo nayo ilikuwa imefika kutoka Garissa na Tana River, kila mtu anatafuta pa kuponea. Lakini mchanga ulianza kuingia ziwani zamani sana, tangu misitu ilipofyekwa na miti ikawa mkaa. Msianzie hadithi kwenye jembe langu.

Mwanzisha mada
Ndugu yangu, nashukuru umesema waziwazi, na la mkaa ni kweli tupu. Kwa kunde za 2017 hakuna wa kukunyooshea kidole. Ninachouliza ni cha leo: maji yamerudi, kwa nini mashamba hayajarudi nyuma?

Mdau wa Mbarali
Nawasalimu kutoka Tanzania. Huku kwetu mto Ruaha Mkuu, chini ya kinamasi cha Ihefu, ulikatika kiangazi cha 1993, na baada ya hapo ikawa kawaida. Marehemu baba alikuwa mvuvi Ihefu. Ameniachia nyavu tu, sijui hata kambi yake ilikuwa upande gani, na waliovua naye wametawanyika. Nyie mnao wazee bado. Waulizeni sasa hivi.

Mvuvi wa zamani
Narudi kwenye swali la maji yalifika wapi. Upande wetu yalifika kwenye mkwaju tuliokuwa tukifungia mitumbwi. Mkwaju umekatwa, kisiki kipo, na kutoka hapo hadi majini leo unavuka mahindi ya watu watatu. Mmoja ni mjukuu wa mwenzangu niliyevua naye. Nilimpeleka nikamwonyesha alama ya kamba kwenye kisiki, akaniambia mzee, mimi nina hati. Sikuwa na jibu. Nipeni kijana mwenye simu ya kupigia picha na kuweka alama kwenye ramani, nitembee naye kisiki kwa kisiki. Wale wa upande wa Hongwe, nanyi tafuteni mzee wenu.