Tairi ya nyuma ya kwadi imegoma kukaa kwenye ringi, kesho kutwa nina wageni

Ngalawa25:
Assalaam alaykum jamani. Nina kwadi moja ya mtumba, ile pikipiki ya magurudumu manne, nawatembeza wageni kutoka Jambiani mpaka Makunduchi kwa njia za ndani. Huku ni maweni, jiwe lina ncha kama wembe, tairi hazidumu. Juzi nimepata mpya mbili za nyuma, 25x10-12. Zimekuja zimefungwa kamba na kubanwa bapa kama mkate wa kusukuma.

Kuitoa ya zamani tu imenila asubuhi nzima. Nimeikanyaga, nimeipiga nyundo, haibanduki. Mwisho nikalaza ubao ubavuni mwa tairi, shemeji akapandisha gari yake juu ya ubao, ndiyo ikaachia. Sasa mpya nimeitia kwenye ringi lakini haijai. Nina kile kikompresa kidogo cha kuchomeka kwenye gari. Nikiwasha, upepo wote unatokea pembeni, shhh, kama napulizia jiko la makaa.

Kijana wa pancha hapa barabarani ananambia tumwagie petroli ndani, tuwashe kiberiti, itajibana yenyewe. Mie naogopa. Nifanyeje?

Kiberiti_Kitogani:
Petroli inafanya kazi yakhe. Nishaona kwa macho yangu kwenye tairi ya lori. Paa! Imekaa. Wewe simama mbali tu.

BabuSpana:
Bwana Kiberiti, umeona mara ngapi? Mimi nimeona mara mbili. Ya kwanza tairi lilikaa. Ya pili lilikaa vilevile, ila ringi ilipaa ikatoboa bati la banda, na aliyewasha alifunga Ramadhani nzima hana nyusi. Ubavuni mwa tairi pameandikwa mwisho wa upepo wa kulikalishia. Moto hausomi.

Ngalawa, nimetunza kwadi sita za shamba la maua, Usa River, miaka tisa, kwa hiyo nisikilize kidogo. Kosa lako si kukosa nguvu. Midomo ya tairi lako, yaani zile kingo mbili zinazobana ringi, imekaribiana kwa sababu ya ile kamba, na kikompresa chako kinatoa upepo kwa kijiko. Upepo unaoingia ni mdogo kuliko unaovuja, utakaa hapo mpaka betri ife.

Livue. Lisimamishe juani saa sita mchana, katikati ya midomo miwili pachika vipande vitatu vinne vya mti ili itanuke, uliache saa mbili tatu. Mpira ukipata joto unakuwa mtiifu. Wakati unasubiri, shughulika na ringi, maana wewe uko pwani na hapa ndipo watu wanapojidanganya. Ringi ya chuma ina kutu, ya alumini ina ule unga mweupe unaoletwa na chumvi, na vyote viwili vinakaa palepale mdomo unapotakiwa kubana. Piga brashi ya waya, malizia na msasa laini mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Usipofanya hivyo tairi litakaa leo, na kesho asubuhi utalikuta limelala. Kama mpira wa valvu una nyufa, badilisha sasa hivi, usisubiri.

Halafu sabuni. Kipande cha sabuni ya kufulia kiloweke mpaka kiwe uji, paka mdomo wote na ringi yote. Ukisikia mtu anakuambia grisi au oili, mshukuru na umwache aende. Sabuni hukauka, grisi inabaki. Kwadi inatembea na upepo mdogo mno, basi ringi itazunguka ndani ya tairi lako na mdomo utaachia ukiwa porini na Mzungu mgongoni.

Ukishalirudisha, zungusha mkanda wa kukazia mizigo juu ya kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga ardhi, katikati kabisa, ukaze. Tairi likibanwa tumbo, midomo inasukumwa nje kuifuata ringi. Ng'oa kile kisindano cha ndani ya valvu ili upepo uingie kwa kasi. Na tafuta kompresa yenye mtungi, hata kwa fundi samani anayepulizia vanishi. Mdomo ukishashika, legeza mkanda.

Sasa hapa uwe na adabu. Soma namba ubavuni. Nyingi nilizoshika mimi zimeandikwa 20, kwa kipimo cha upepo cha psi, zingine zaidi, lako lisome mwenyewe. Ukifika namba hiyo na halijakaa, usiongeze hata moja. Toa upepo wote, paka sabuni tena, anza upya. Simama pembeni, bomba liwe refu, vidole visikaribie ringi, wala usiliinamie kama unachungulia kisima. Utasikia paa, halafu paa. Mbili.

Ngalawa25:
Shukran sana Babu. Mkanda sina, na Mjini siendi leo. Halafu tairi ya pili bado, na hii ya kwanza kuitia nilivuta kwa mitalimbo miwili nikakaribia kuchana mdomo. Mikono inatetemeka mpaka sasa.

BintiMalindi_Bidiyah:
Salamu kutoka Oman. Mume wangu ana kwadi za kukodisha hapa Bidiyah, kwenye vilima vya mchanga, hesabu naweka mie na pancha naziba mie. Mkanda wa nini? Chukua kamba ya nailoni, izungushe tairi mara mbili, funga, tia kijiti kwenye kitanzi, songa kijiti kama unakamua nguo. Kamba inakaza mpaka tairi inalia. Bibi yangu Malindi ya Unguja alikuwa akifunga mizigo hivyo hivyo. Shikilia kijiti usikiachie ghafla, kitakupiga mkono. Mie kilinipiga.

Huku watu wanashusha upepo mpaka tatu ili tairi itandike juu ya mchanga, basi kila wiki kuna mmoja anarudi tairi imevuka ringi. Wewe kwenu ni jiwe, usiige.

BabuSpana:
Dada kamaliza habari ya mkanda.

Mitalimbo sasa. Ukiona unatumia nguvu, ujue upande wa pili wa mdomo hauko bondeni. Itazame ringi ikiwa tupu: katikati imebonyea, pana bonde linaloizunguka yote. Bonde hilo halikuwekwa kwa urembo. Unapoingiza mdomo huku mbele yako, ule wa kule ng'ambo lazima uwe umezama bondeni, vinginevyo unalazimisha waya wa ndani ya mdomo, usionyumbulika, kupita mahali pakubwa kuliko wenyewe. Weka magoti yako ng'ambo, ukandamize, uingize kidogo kidogo, shibri moja moja. Vidole vinne vya mwisho vitaingia kwa mtalimbo mmoja na kipande cha jerikeni kati ya chuma na ringi isikwaruzike. Kagua pia bonde liko karibu na ukingo gani, maana halikai katikati kabisa. Ingizia upande huo.

Na kuna mshale ubavuni unaoonyesha tairi linazungukia wapi. Utazame kabla, sio baada.

Ngalawa25:
Nimerudi. Ya kwanza nimeianika, ringi nimeisugua mpaka nikaiona rangi yake, nikaipeleka Paje kwa fundi samani mwenye mtungi. Kamba na kijiti vimefanya kazi, Binti Malindi Mungu akupe kheri. Upepo ulivyoanza kushika watoto wote wa mtaa wakakimbia wenyewe bila kuambiwa. Paa ya kwanza ilikuja kwenye 12. Ya pili haikuja. Nimefika 20, namba yangu ni 20 kweli, kimya. Nikaitazama, ule mstari mwembamba wa mpira unaozunguka karibu na ringi umeonekana kote isipokuwa pahala pa shibri moja, umezama. Fundi akasema tia 25. Nikamkatalia. Nikatoa upepo, nikamimina uji wa sabuni pale pale palipozama, nikaidundisha chini mara mbili tatu, nikajaza tena. Kwenye 18, paa! Mstari umetoka wote.

Ya pili imeingia kwa dakika kumi, wallahi. Magoti ng'ambo, mtalimbo mmoja. Nimeona aibu kwa yale mavune ya jana.

Tatizo jipya: kitabu cha kwadi kinasema itembee na 5, geji yangu ni ya gari, inaanzia 10. Nikishusha, sindano inalala tu.

BabuSpana:
Geji ya gari haitakusaidia huko chini. Iko ya kwadi, inaishia 15, agiza. Kwa leo azima futi ya kamba kwa fundi cherehani, zungushia tairi zote mbili za nyuma katikati ya kashata, zilingane. Ekseli ya nyuma ikiwa moja, tairi moja ikiwa nene kuliko mwenzake, kwadi inavuta upande na wageni watadhani hujui kuendesha.

Ngalawa25:
Kushoto sentimita 197, kulia 199. Nimepunguza kulia, sasa zote 197. Nimezunguka nayo mpaka skuli na kurudi, inakwenda sawa, haivuti.

Ila nimeiosha sabuni sasa hivi nikaona kitu. Mshale wa kushoto unatazama mbele. Wa kulia unatazama nyuma.

Kiberiti_Kitogani:
Petroli ninayo.

BabuSpana:
Mpigie shemeji alete gari. Ubao unao.