Nimeanza fluoxetine, kichefuchefu hakiishi na usingizi hakuna, niache?

mzee_wa_kona: Habari zenu wakuu. Daktari kasema nina sonona, kanianzishia fluoxetine 20 mg kidonge kimoja kwa siku. Nameza usiku kabla ya kulala, sasa tangu wiki iliyopita tumbo linachafuka, mikono inatetemeka kidogo, usiku nakodolea dari mpaka adhana ya alfajiri na huzuni bado iko palepale. Wife anasema hizo ni dawa za vichaa niache kabla sijawa teja. Aliyepitia hii anisaidie

Mama Kuku: Pole kaka. Hiyo dawa kwa wengi inachangamsha ndo maana tunaandikiwa asubuhi, wapigie kliniki uwaulize kama unaweza kuihamishia asubuhi. Mi nameza na uji, nikimeza tumbo tupu najuta mpaka saa sita. Kichefuchefu kilikuja kuisha chenyewe. Halafu hii siyo panadol, mpaka uone nafuu ni wiki 2 hadi 4, wengine hata 6, yani karaha zinatangulia nafuu inafuata nyuma, inaudhi lakini ndo ilivyo

dukani_leo: Niko duka la dawa. Uteja hamna hapo, siyo kama valium, ila usikate ghafla bila daktari. Swali la muhimu, kuna dawa nyingine unatumia?? Tramadol, ile dawa ya maumivu makali, haipatani nayo kabisa, mkichanganya unaweza kupata homa, jasho, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa, hapo ni kukimbizwa hospitali. Diclofenac, nayo ya maumivu, kuwa makini nayo, tumbo linaweza kuvuja damu. Na wiki hizi za mwanzo ukiona hutulii kabisa au mawazo ya kujidhuru yanakuja usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo, na mkeo ajue (vijana chini ya miaka 25 ndo wanaangaliwa zaidi kwa hilo)

Bongo Lala: Niongezee ambalo wanaume wenzangu wanaona aibu kusema. Chumbani mambo yanaweza kupoa au unachelewa sana kumaliza. Usikimbilie vile vichupa vya mitishamba vya stendi, mwambie daktari, anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia. Wengi wanaacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo hiyo

mzee_wa_kona: @dukani_leo duh, tramadol ninayo ya mgongo, nilipewa hospitali nyingine, hakuna aliyeniuliza

dukani_leo: Usimeze nyingine mpaka uongee nao, wapigie sasa hivi