MJADALA: Pesa za mabilionea wa Marekani zinanunua nini hasa?

Kaskazi

Heshima kwenu wakuu. Sheria ya Marekani kwa msimu wa 2025–2026 inasema mtu mmoja asimpe mgombea wa Kongresi zaidi ya dola 3,500 kwenye mchujo (kura ya kumpata mgombea wa chama) na 3,500 nyingine kwenye uchaguzi wenyewe. Jumla 7,000, basi. Lakini mwaka 2024, viwango vikiwa chini kidogo ya hivyo, Elon Musk alimwaga zaidi ya dola milioni 250 kumpigania Trump na wagombea wa Republican bila kukiuka kikomo hicho. Imewezekanaje?

Njia ilichongwa mahakamani. Mwaka 1976, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, Mahakama ya Juu ilitenganisha mchango na matumizi: kumkabidhi mgombea pesa kunaweza kuwekewa kikomo kwa kuwa kunafungua mlango wa rushwa, lakini kutumia pesa zako kusema unachotaka ni uhuru wa maoni. Januari 2010, kwenye kesi ya Citizens United, majaji 5 dhidi ya 4 waliruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia bila kikomo, mradi wasipange na mgombea. Miezi miwili baadaye mahakama ya rufaa ya Washington, katika kesi ya SpeechNow, ikamalizia: ikiwa matumizi huru hayana rushwa, basi na mchango kwa kundi linalofanya matumizi huru tu hauna kikomo. Hapo ndipo makundi hayo, yaitwayo supa-PAC, yalipozaliwa.

Msimamo wangu: mtu mmoja akishaweza kutumia kiasi cha wachangiaji zaidi ya 35,000 waliotoa kiwango cha juu kabisa, usawa wa kura umebaki kwenye makaratasi. Nawasilisha.

Hesabu Kwanza

Mkuu Kaskazi, historia umeipanga sawasawa, ila hitimisho limeutangulia ushahidi. Michael Bloomberg alitumia zaidi ya dola bilioni 1 za mfukoni mwake kwenye mchujo wa Democratic mwaka 2020. Alichoshinda ni American Samoa, visiwa vidogo vya Marekani huko Pasifiki. Mwaka 2016 supa-PAC ya Jeb Bush, aliyewania urais kwenye mchujo wa Republican, ilikusanya zaidi ya milioni 100, akaambulia wajumbe 4 wa mkutano wa uteuzi. Kamala Harris alikusanya zaidi ya Trump mwaka 2024 na akashindwa. Aprili 2025 huyo huyo Musk na makundi yake walitia zaidi ya milioni 20 kwenye kiti cha jaji wa Mahakama ya Juu ya Wisconsin. Mgombea wao akaangushwa kwa takriban pointi 10. (Upande wa pili nao ulikuwa na mabilionea wake, Soros na Pritzker, wasijifanye malaika.)

Kuna sababu ya kiufundi ambayo wengi hawaijui. Siku 45 kabla ya mchujo na siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu, kituo cha televisheni kinalazimika kumtoza mgombea bei ya chini kabisa kinayomtoza mteja yeyote kwa muda wa aina hiyo. Supa-PAC haina haki hiyo. Inalipa bei ya soko, na Oktoba kwenye majimbo yenye ushindani bei ya soko ni balaa. Kwa hiyo dola moja ya bilionea kwenye supa-PAC hainunui sekunde sawa na dola moja iliyoko mkononi mwa mgombea.

Bint Sheria

Nyote wawili mmekodolea macho Novemba. Pesa haifanyi kazi kubwa Novemba. Wapiga kura wengi wameshaamua, na majimbo mengi ya Bunge la Wawakilishi yana mwenyewe anayejulikana mapema. Tazameni sehemu mbili: mchujo, ambako wanaojitokeza ni wachache na majina hayafahamiki, na vyumba vya kamati ambako hakuna kamera.

Mchujo kwanza. Mwaka 2024 supa-PAC ya kampuni za sarafu za kidijitali, Fairshake, ilitumia takriban dola milioni 10 kumpinga Katie Porter kwenye mchujo wa Seneti California, akaishia pale pale. Kisha, kwenye uchaguzi mkuu, ikatia takriban milioni 40 Ohio dhidi ya Seneta Sherrod Brown wa Democratic, mwenyekiti wa kamati ya Seneti inayosimamia mabenki. Matangazo yenyewe hayakutaja sarafu hata kidogo. Brown alishindwa, siwezi kusema ni kwa sababu ya Fairshake, maana Ohio imekuwa ikiegemea Republican kwa miaka kadhaa. Lakini kila mbunge aliona bei ya kuwaudhi watu hawa. Julai 2025 sheria ya sarafu zinazofungamanishwa na dola ilisainiwa, nayo ilipata kura za Wademokrati wengi tu. Bahasha hapo haikuhitajika.

Sasa chumba cha kamati. Meneja wa mfuko binafsi wa uwekezaji hulipwa sehemu ya faida, kwa kawaida asilimia 20. Ni malipo ya kazi, lakini mali ikishikiliwa zaidi ya miaka mitatu malipo hayo hutozwa kodi ya faida ya mtaji, asilimia 20 pamoja na nyongeza ya 3.8, badala ya kiwango cha juu cha mshahara, asilimia 37. Obama aliahidi kufuta nafuu hiyo. Trump mwaka 2016 aliahidi hivyo hivyo. Agosti 2022 kifungu cha kuibana kilikuwa kimeshaingia kwenye muswada mkubwa wa Biden. Seneta Kyrsten Sinema, ambaye kura yake ilihitajika, akataka kitolewe, kikatolewa. Hakuna mpiga kura aliyewahi kuulizwa. Hicho ndicho kinachonunuliwa: jambo dogo kwa umma, kubwa sana kwa watu wachache.

Hesabu Kwanza

Dada, hapo nakubaliana nusu. Lakini ule utafiti wa Gilens na Page wa 2014 wa masuala 1,779 ya sera, ambao kila mtu huutaja kudai matajiri ndio wanaotawala, ulichambuliwa upya. Tabaka la kati na matajiri walikubaliana kwenye karibu asilimia 90 ya masuala. Kwenye 185 yaliyobaki, matajiri walipata walichotaka kwa asilimia 53. Huo si utawala wa matajiri.

Bint Sheria

53 ni wastani wa masuala yaliyoulizwa kwenye kura za maoni, kaka. Nafuu za kodi zenye kurasa mbili hazifiki huko. Kinachofika kwenye dodoso tayari kimekuwa kelele, na kwenye kelele pesa hupungua nguvu. Tena unahesabu kilichoamuliwa. Muswada uliokufa kamatini huuoni.

Kaskazi

Niongeze kuhusu hilo neno "mradi wasipange". Nani anasimamia? Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho ina makamishna 6, wasiozidi 3 kutoka chama kimoja, na uamuzi unahitaji kura 4. Yaani imeundwa ili ikwame. Mei 2025 ikakosa hata akidi.

Na kupanga kunafanyika hadharani. Mgombea anaweka kwenye tovuti yake kisanduku: wapiga kura wa eneo fulani, wanawake wa umri fulani, wanahitaji kusikia jambo hili. Supa-PAC inasoma, inatengeneza tangazo. Hakuna simu iliyopigwa. Kisha Machi 2024 tume ilitoa maoni kwamba kugonga milango nyumba kwa nyumba hakuhesabiki kama mawasiliano yaliyopangwa kwa pamoja, kwa hiyo supa-PAC na kampeni zinaweza kukaa meza moja kupanga nani aende mtaa gani. Ndiyo kazi aliyoifanya Musk Pennsylvania na kwingineko.

Mbinu nyingine ni ya kalenda. Ripoti ya mwisho kabla ya uchaguzi inafunga hesabu siku ya 20 kabla ya kura. Unda kamati siku ya 19: matumizi utayatangaza ndani ya saa 24, lakini waliokupa pesa watajulikana kura zikishahesabiwa.

Mwananchi wa Kawaida

Wakuu, ugonjwa tumeuona. Dawa?

Bint Sheria

Kurekebisha Katiba, sahau. Inahitaji theluthi mbili kila upande wa Kongresi na majimbo 38. Septemba 2014 pendekezo lilikwama Seneti kwa kura 54 dhidi ya 42, hata kura ya mwisho halikufika. Maine mwaka 2024 walipiga kura kuweka kikomo cha dola 5,000 kwa mchango wa supa-PAC, mahakama ya shirikisho ikaizuia mwaka uliofuata.

Kinachosimama mahakamani ni kuwaongezea wadogo, si kuwapunguzia wakubwa. Jiji la New York linalipa dola 8 kwa kila dola 1 ya mkaazi. Mgombea umeya huthibitisha wachangiaji wakaazi 1,000 na jumla ya dola 250,000. Kinachozidishwa ni dola 250 za kwanza za kila mmoja, hivyo 250 inakuwa 2,250. Anayejiunga anakubali kikomo cha matumizi na ukaguzi wa kila risiti. Zohran Mamdani, mgombea umeya mzaliwa wa Kampala, Machi 2025 aliwaambia wafuasi waache kuchanga kwa sababu alikuwa anafikia kikomo, takriban milioni 8. Supa-PAC iliyomuunga mkono mpinzani wake Andrew Cuomo, gavana wa zamani, ilitumia zaidi ya milioni 20, Bloomberg peke yake akitoa zaidi ya 8. Mamdani alishinda mchujo. Na kile kisanduku cha tovuti? Bodi ya fedha za kampeni ya jiji ilizuia zaidi ya dola 600,000 za Cuomo kwa tuhuma za kupanga na supa-PAC. Bodi yenye meno ipo, ni suala la kuitaka.

Hesabu Kwanza

Na mlipakodi anabeba gharama, usilisahau hilo. Pia msiwatukuze wachangiaji wadogo. Mwaka 2020 Amy McGrath alikusanya takriban milioni 90 kuwania kiti cha Seneti dhidi ya Mitch McConnell, kiongozi wa Republican huko Seneti, jimboni Kentucky, nyingi kutoka nje ya jimbo, akapigwa kwa karibu pointi 20. Mchango mdogo wa mtandaoni unafuata hasira. Anayepiga kelele kwenye televisheni anajaza mfuko, anayeandika sheria kimya kimya hapati kitu. New York wameliziba hilo kwa kuzidisha dola za wakaazi tu, nawapa hongera kwa hapo.

Mwananchi wa Kawaida

Na sisi Waswahili tulioko huko bila uraia, tunaruhusiwa kuchanga?

Bint Sheria

Mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, ndiyo, kwa viwango vile vile, na pesa iwe yake kweli. Kurudishiwa na mtu mwingine ni kosa la jinai. Kupiga kura za shirikisho haruhusiwi, na akijaribu anahatarisha ombi lake la uraia. Mwenye viza ya masomo au kazi, aliyeomba hifadhi, na hata mkimbizi aliyepokelewa ambaye bado hajapata kadi: asitoe hata senti, kwa kampeni ya ngazi yoyote. Kujitolea bila malipo, kupanga viti, kupiga simu, anaruhusiwa. Kushiriki uamuzi wa pesa zitumikeje, hapana.

Aliyeko Seattle mwenye ukaazi wa kudumu anaweza pia kutumia vocha nne za dola 25 za jiji kwa wagombea wa jiji waliojiunga na mpango. Na wenye viza wachunge jambo moja: fulana ya kampeni iliyonunuliwa kwa mgombea ni mchango, kwa bei yake yote.