Mjadala: Matumbawe laini ya tangini, tuyatoe baharini?

Wakuu, hodi. Nafuga matumbawe laini, yaani yasiyo na mifupa migumu ya mawe, hapa Mombasa, huu mwaka wa nne, tanki la lita 200. Juzi kijana kanipigia simu, ana "uyoga", tumbawe laini lenye umbo la uyoga, kauchomoa mwambani maji yalipokupwa, anauza. Nikakataa, akanishangaa. Naomba tulijadili: kuna haki ya kuchomoa kiumbe hai baharini kije kupamba sebule?

Mimi nasema hakuna, kwa sababu tumbawe laini linazidishwa nyumbani bila shida. Uyoga wangu naukata kwa wembe, kipande cha kidole gumba nakiweka juu ya kijiwe na kukifunga kwa kitambaa cha shela ili maji yasikibebe. Siku za mwanzo kinanywea na kujivika utando kama nta. Wengi hapo hudhani kimekufa wakakitupa! Subiri. Utando ukibanduka kinachanua, na baada ya wiki mbili tatu kimeshika jiwe. Tumbawe mama, lililokatwa, nalo hupona. Wenzangu sita wana vipande vya tumbawe hilo moja.

Halafu watu wanadhani laini ni ruksa tu. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, umeorodhesha matumbawe mawe, ila mengi ya laini hayamo. Kutoorodheshwa si ushahidi kwamba yako tele.

Mzamiaji wa Tanga: Ndugu yangu, pwani hii imepigwa baruti miaka nenda rudi. Matumbawe yamechomwa chokaa, tumejengea nyumba. Joto la 1998 likapausha miamba, mingi ikafa. Leo unamwandama kijana wa kipande kimoja? Baharini ndiko anakopata unga wa watoto.

Mama Salma, Unguja: Kaka wa Tanga, njaa naielewa. Lakini mwanangu aliletewa yale yanayofumba na kufumbua kama ngumi, yametoka mwambani asubuhi ile ile. Siku ya tatu yakayeyuka yote, maji yakanuka, na samaki wawili wakafa. Hela aliyopata muuzaji ililiwa, bahari imepungukiwa, na sisi hatukubaki na kitu. Hapo kafaidi nani?

Mwanzisha mada: Kaka, la baruti na la joto ni kweli tupu, nami ndilo linaloniuma. Tumbawe lililovuka joto la 1998 huenda lina ustahimilivu, na mwamba unahitaji uzao wake. Tukilichomoa hilo, tunachukua mbegu.

Kuhusu unga, umenigusa. Nimempigia kijana aje Jumamosi. Nitampa vipande vitano na kumfundisha kukata, auze vya mkono wake. Faida itachukua miezi, najua, na njaa haingoji miezi. Kwa hiyo vya mwanzo vikishika nitavinunua mwenyewe.

Ila pana jambo sijalitatua. Samaki wangu wote walivuliwa baharini, hakuna hata mmoja aliyezaliwa tangini. Mama Salma, na wewe kaka, hapo mwasemaje?