Kipimo cha Parkinson kwa kupuliza pumzi: tukitake sasa hivi au tuanze na dawa?

Wadau habari za muda huu. Naleta hili tulijadili bila kutukanana. Wanasayansi wanatengeneza kipimo cha kugundua Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa) na Alzheimer (ule wa kupoteza kumbukumbu) kwa pumzi tu, yani unapuliza kama dereva anavyopulizishwa na trafiki, alafu kifaa kinasoma kemikali zilizomo kwenye hewa uliyotoa. Sio uzushi. Mwaka 1971 Linus Pauling alishaonyesha pumzi ya binadamu ina vitu kama 250 tofauti, na 2017 timu ya mtafiti Hossam Haick wa chuo kikuu cha Technion kule Haifa, Israel, walipima watu 1,404, wagonjwa na wazima, magonjwa 17 na Parkinson ikiwemo, kifaa chao chenye chembechembe za dhahabu kikapatia 86 katika kila 100.

Swali langu: serikali zetu zikiwa na hela ya kitu kimoja tu, zinunue hicho? Mimi nasema hapana, na sababu naitoa hapa hapa Tanzania. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kutafuta wenye Parkinson, matokeo yakatoka 2008. Wengi wa waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaumwa nini. Watu wanatetemeka mikono, wanatembea kwa kuburuza miguu, na nyumbani wanaambiwa ni uzee au wamerogwa. Sasa huyu ambaye ugonjwa unaonekana kwa macho hatujamfikia, tunakimbilia kumtafuta ambaye hajaanza hata kutetemeka?

Kijana wa Moshi: Mkuu nakupinga. Yule nesi mstaafu wa Scotland, Joy Milne, alisikia harufu ya mumewe imebadilika miaka zaidi ya 10 kabla hajaambiwa ana Parkinson. Pale Edinburgh watafiti wakampa fulana 12 anuse, 6 za wagonjwa, akazipata zote 6, akaongeza na ya 7 ya mtu aliyehesabiwa mzima, na huyo mtu miezi kadhaa baadae naye akakutwa nayo. Miaka 10 hiyo ni mingi, mtu angejipanga na familia yake, shamba, ada za watoto.

Mleta mada: Mama yule namheshimu sana, ila ile ilikuwa harufu ya mafuta ya ngozi, sio pumzi. Na tufanye hesabu kidogo. Kule Hai makadirio yalikuwa kama wagonjwa 40 kwa kila watu 100,000. Chukua kipimo kinachopatia 90 kwa 100, kizuri kuliko hicho cha 86, pima watu wote 100,000. Kitawakamata wagonjwa 36, sawa, lakini wazima karibu 10,000 nao wataambiwa wanaumwa. Hao elfu kumi nani atawatuliza, na daktari wa mishipa ya fahamu wa kuwaona yuko wapi? Na hata hao 36, hakuna dawa mpaka leo ya kuzuia Parkinson isiendelee.

Mama Neema: Lakini si lazima wapimwe wote kaka, wapimwe wenye dalili tu, hapo hesabu inabadilika kabisa.

Mleta mada: Hapo dada umesema kweli na nakubali, kwa wenye dalili kipimo kingesaidia sana hasa zahanati ambako hakuna CT scan wala bingwa. Ila akishaambiwa anayo, anapewa nini? Levodopa, dawa ya kupunguza dalili za Parkinson, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO (Shirika la Afya Duniani) na bado kuna watu wanazunguka duka hadi duka wanaikosa, wakiipata mwezi huu mwezi ujao imeisha, na ile dawa haitaki kurukwa rukwa dozi, mtu anakakamaa hata kugeuka kitandani hawezi. Ndo maana nasema dawa kwanza.

Mama Neema: Baba yangu mkono wa kulia unatetemeka akiwa ametulia tu, akishika kikombe unapungua. Tungoje hicho kipimo?

Mleta mada: Usingoje dada, mpeleke hospitali ya mkoa wiki hii. Kutetemeka akiwa ametulia, tena upande mmoja, ndo mwanzo wa wengi. Kabla hujaenda angalia haya umwambie daktari: akitembea mkono huo unayumba kama mwingine? Mwandiko wake umekuwa mdogo? Bado anasikia harufu ya vitunguu vikikaangwa? Anafunga choo? Usiku anarusha mikono na kupiga kelele usingizini? Mwambie agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, uone kama kadiri anavyoendelea nafasi kati ya vidole inazidi kuwa ndogo. Mchukulie video kwa simu. Na beba dawa zote anazotumia, maana kuna dawa za kichefuchefu na za magonjwa ya akili zinazoleta kutetemeka kwa namna hiyo hiyo. Kama ni hizo, daktari ndo atazibadilisha, msiziache wenyewe.